Makubadhi ya Mke wa Fundi

Katika chumba cha pasi cha hoteli, asubuhi huanza bila jua. Mvuke hupanda kutoka kwenye mashuka, hujaa darini, kisha hushuka taratibu mpaka mabegani mwa wanawake waliosimama nyuma ya meza zao. Anayeingia kutoka nje hudhani ameingia ndani ya wingu lililochoka kupaa. Humo ndimo mwanamke huyu alimosimama sehemu kubwa ya maisha yake. Wenzake walimwita Bi Pasi, naye hakulikataa jina hilo, maana mkono wake na pasi vilikwisha kuelewana kama farasi na mpandaji wake wa siku nyingi.

Alikuwa mtu wa kuota akiwa macho. Shuka jeupe liliponyooka mbele yake aliona njia ndefu ya mchanga isiyo na unyayo hata mmoja, akaingia, akaenda zake. Foronya ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha. Kitambaa cha meza ya harusi kilikuwa ziwa, na mkunjo wake wa mwisho ulikuwa mtumbwi. Msimamizi alipomwita mara ya kwanza hakusikia. Alipomwita mara ya pili, aligeuka akitabasamu, kama mtu aliyerudi safarini mikono mitupu lakini moyo umejaa.

"Leo ulifika wapi?" Mama Povu alikuwa akimuuliza. Huyu alikuwa shoga yake wa upande wa kufulia, mwanamke mnene mwenye buti za mpira na ulimi usiojua kufuli.

"Mbali kidogo."

"Ukirudi tena uje na zawadi. Sisi wengine tumekaa hapahapa na soksi za watu."

Safari zote hizo Bi Pasi alizifanya akiwa amevaa makubadhi aliyotengenezewa na mumewe.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Walikutana siku alipokwenda kwake na kiatu kilichong'oka kisigino, akiruka kwa mguu mmoja kama kunguru. Fundi hakukitazama kiatu. Aliutazama mguu. "Kiatu hiki hakina makosa," alisema. "Mwenye makosa ni aliyekitengeneza bila kukuona." Akamkalisha kwenye kigoda, akauweka mguu wake juu ya karatasi, akauzungushia penseli polepole. Penseli ilipofika kwenye tao la unyayo mwanamke alicheka kwa mtekenyo, mstari ukapinda. Fundi hakuufuta. Alichonga kalibu za mbao za miguu ile, kushoto na kulia, na tangu hapo kila kiatu alichovaa mwanamke huyu kilizaliwa juu ya kalibu hizo.

Kila mwaka, siku waliyooana ilipozunguka, alimpa jozi mpya. Hapakuwa na maua wala keki. Alimvua ya zamani, akamvisha mpya, akamtaka atembee kutoka mlangoni mpaka jikoni huku yeye akisikiliza kwa kufumba macho.

"Mguu wa kushoto unanung'unika," angesema.

"Hausemi kitu. Umekuwa mganga siku hizi?"

"Nausikia. Lete nikaze."

Kisha dunia ikabadilisha viatu. Vilikuja vya plastiki, vya bei ya chee, vyenye rangi za peremende, na watu wakaacha kutengeneza. Kiatu kikikatika kilitupwa, kikanunuliwa kingine. Wateja wa Fundi walipungua mmoja mmoja, kama taa za mtaa zinavyozimika kukipambazuka, mpaka karakana yake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ikabaki na harufu ya ngozi na kimya. Kalibu za watu wengine alizigawa zikawa kuni. Zile za mkewe zilibaki zimening'inia ukutani. Kila asubuhi aliamka, akavaa aproni, akanoa kisu, akakaa. Miguu ya mtu mmoja tu ndiyo iliyokuwa bado ikimfanya aitwe fundi, na Bi Pasi alilijua hilo. Ndiyo maana upele ulipomtokea hakuogopa upele. Aliogopa atakachosema yeye aliyemshonea makubadhi, kama kosa litaangukia makubadhi.

Ulianza kama fununu. Jioni moja alihisi kitu kinatambaa juu ya mguu, akapapasa, hakuna kitu. Kesho yake kilikuwa vipele vidogo vilivyosongamana, vigumu kama mtama. Baadaye vikatoa maji, vikakauka, ngozi ikapasuka na kubanduka magamba membamba. Muwasho ulikuwa na saa zake. Mchana, katika joto la mvuke na jasho, ulivimba. Jioni, alipovua makubadhi, ulimjia kama mgeni asiyebisha hodi, ukakaa, ukaongea peke yake. Alijikuna kwa kisigino cha mguu mwingine chini ya meza ya chakula, uso wake ukiwa mtulivu, huku mumewe akisimulia habari za redio.

Mama Povu aliutazama mguu ule wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma, akatoa hukumu papo hapo.

"Fangasi hiyo, mwenzangu. Mimi naijua. Nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu, na yenyewe angalau ikiondoka hurudi."

"Mimi sivai buti kama wewe."

"Fangasi haiulizi umevaa nini. Nunua dawa, paka, utanishukuru."

Alinunua, akapaka, mguu ukawaka moto. Akajaribu maji ya moto yenye chumvi, yakampa raha kidogo, halafu muwasho ukarudi na ndugu zake. Akajaribu siki. Akanuka kachumbari wiki nzima, na Mama Povu akauliza kama angeweza kuleta na nyanya.

Fundi hakuwa kipofu. Aliona magamba kwenye mkeka, akamshika mkewe mguu, akautazama kwa muda mrefu.

"Kanda zinakusugua," alisema kwa huzuni. "Nilizikata nyembamba mno. Mzee mimi, macho yamekwisha."

Akakata nyingine, pana zaidi, akazitia bitana ya ngozi laini kuliko zote alizokuwa nazo, ile aliyoihifadhi ndani ya kitambaa kama mtu anavyohifadhi kitabu cha sala. Upele ukapanuka. Fundi akadhani mshono ndio mkosaji, akabuni jozi ya kanda zilizopishana kama mikono iliyokumbatiana. Upele ukapishana vilevile. Akaongeza ukanda wa nyuma ya kisigino ili kiatu kisicheze. Vipele vikahamia kisiginoni, vikajipanga mstari mmoja. Kila alivyozidi kumhurumia ndivyo alivyozidi kumvika dawa yenye sumu ndani yake, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu hapakuwa na aliyejua.

Usiku Bi Pasi aliota miguu yake imekuwa mashuka mawili, na mtu asiyemwona anayapitishia pasi ya moto. Aliamka akaiweka nje ya blanketi, hewa ikaipoza.

Hali ilipofikia kushindwa kusimama mezani, alikwenda kliniki ya ngozi. Chumba kilikuwa kimepakwa kijani nusu ya ukuta, na feni ilizunguka kwa uvivu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kiasi cha kuwa binti yake. Hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kigoda, akauchukua mguu akaupakata, na Bi Pasi akashtuka kidogo, kwa kuwa ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuushika hivyo.

"Shikamoo, mama. Inauma au inawasha?"

"Inawasha, mwanangu. Wameniambia ni fangasi."

Daktari akavitenganisha vidole kimoja kimoja. "Huku kati ni pasafi. Fangasi hupenda maficho haya yenye unyevu, hasa hapa kwenye kidole cha mwisho. Upele wako uko juu, uwanjani, haujifichi. Na tazama, miguu yote miwili, mahali palepale, kama mtu anayejitazama kwenye kioo." Akafuata ukingo wa upele kwa kidole bila kuugusa. "Mama, upele huu umewahi kubadilika sura?"

Bi Pasi akafikiri. Aliona nyuma ya macho yake upele ule ukiwa mstari mwembamba. Akauona umekuwa mpana. Akauona umepishana, kisha umezunguka nyuma.

"Umebadilika," alisema.

"Na viatu?"

Feni ilizunguka. Mwanamke aliyatazama makubadhi yake yaliyokaa sakafuni, yamepishana kanda, yamemgeukia kama watoto wawili walioitwa.

"Haiwezi kuwa sabuni ya mashuka, daktari?"

"Sabuni ingeanza na mikono."

"Joto je? Mimi nasimama kwenye mvuke mchana kutwa."

"Joto linasaidia. Jasho huloanisha kiatu, likafyonza kilichomo, likainywesha ngozi ya mguu. Lakini lazima kiwemo kitu cha kufyonzwa."

"Au uzee."

Daktari alicheka kidogo. "Uzee haufuati kanda, mama."

"Nimevaa viatu vya mkono huohuo tangu nikiwa msichana. Mbona havikunidhuru?"

"Huo ndio mzio ulivyo. Mwili huvumilia, huvumilia, siku moja husema basi. Na ukishasema basi, hausahau. Unyayo una ngozi nene, haujasikia kitu bado. Huku juu ngozi ni nyembamba, ndiko kunakolia kwanza." Akaushusha mguu chini kwa upole. "Sasa sijui ni kipi ndani ya kiatu. Inaweza kuwa gundi, inaweza kuwa rangi, uzi, ngozi yenyewe. Tutajaribu. Nani aliyeyatengeneza?"

"Mtu mmoja."

"Basi mwombe huyo mtu mmoja akupe kidogo cha kila kitu anachotumia. Nitavibandika mgongoni mwako siku chache, tuone kipi mwili unakikataa."

Alirudi nyumbani akitembea polepole. Hakumwomba. Alingoja mchana, Fundi alipolala kitini, miwani ikiwa juu ya paji la uso kana kwamba hata ndotoni alikusudia kutazama mshono. Akaingia karakana kwa ncha za vidole, akaokota vipande vya ngozi chini ya meza, akakata uzi, akatia tone la gundi na la rangi kwenye karatasi. Tangu aolewe hakuwahi kujiona mwizi ndani ya nyumba yake. Kalibu za miguu yake zilimtazama kutoka ukutani, naye hakuthubutu kuzitazama.

Daktari akambandika mgongoni, kila kitu chini ya plasta yake, akamkataza kulowanisha. Kwa hiyo Bi Pasi aliacha kuoga, akawa anajipangusa kwa kitambaa mlango umefungwa. Mwanamke aliyeishi ndani ya maji na sabuni, ghafla anaogopa maji. Fundi alivumilia kadiri alivyoweza. Jioni moja aliusukuma mlango.

"Unaumwa nini unachonifi—"

Hakumaliza. Alikuwa ameuona mgongo. Akasogea, akashusha miwani. Kingo za vile vipande zilichungulia nje ya plasta, na mtu huyu aliweza kuitambua ngozi yake akiwa ng'ambo ya barabara.

"Hii imetoka kwenye bitana," alisema taratibu. "Huu uzi wangu. Hii inanuka gundi yangu." Akavuta pumzi. "Mke wangu, umebeba karakana yangu mgongoni. Kuna nini?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa amempa mgongo, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi zaidi. Alimaliza, akasubiri aseme lolote, hata amlaumu. Alisikia tu nyayo zake zikienda chumba cha mbele, na kiti kikilia.

Siku zile Fundi hakuvaa aproni. Alikaa dirishani, mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu kama vinangojea mvua. Chai ilipoa mbele yake. Bi Pasi alipiga pasi mashuka yote ya hoteli nzima bila kwenda popote; njia za mchanga hazikumfungukia, shuka lilibaki shuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Povu alisema alipoelezwa. Alipoona mwenzake hakucheka, aliinama akazima bomba. "Samahani, dada. Mzee anasemaje?"

"Hasemi."

"Wanaume hawa. Kiatu kimekataliwa, yeye anaona amekataliwa yeye."

"Na mimi sijui nimwambieje kwamba sivyo. Sijawahi kumwambia kitu nikiwa sijavaa viatu vyake."

Siku ya majibu, alipokuwa akifunga mlango, Fundi alitokea nyuma yake amevaa shati safi. Akamfuata. Kliniki alisimama pembeni, kofia mkononi. Daktari alibandua plasta, moja baada ya nyingine. Chini ya gundi ngozi ilikuwa shwari. Chini ya rangi, shwari. Chini ya uzi, shwari. Chini ya kipande cha ngozi mgongo ulikuwa umeumuka, vipele vidogo vyenye maji vimejaa ndani ya mraba ule, havikuvuka mpaka.

"Basi ni ngozi," alisema daktari. "Siyo ya mnyama hasa. Ni dawa za chumvi za madini zinazotumiwa kiwandani kuilainisha isioze."

Fundi akakohoa. Akatoa mfukoni kipande kinene, akakikata ukingo kwa kisu chake kidogo, akawaonyesha. Juu kilikuwa hudhurungi, chini hudhurungi. Katikati, pale kisu kilipopita, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyopauka, kama anga kabla jua halijachomoza.

"Ngozi za siku hizi hutufikia hivi," alisema. "Kiwandani hutoka buluu tupu, ndipo hutiwa rangi. Zamani walizilainisha kwa magome ya miti, zilikuwa ngumu, zilichelewa. Hii ilipokuja tulifurahi. Mimi niliipenda sana hii buluu, daktari. Nilikuwa nikimwonyesha mke wangu. Nilimwambia nimemshonea mbingu ndani."

Daktari alikipokea kile kipande, akakigeuza mwangani.

"Wewe hukukosea, mzee," alisema. "Wengi huivaa maisha yao yote, haiwafanyi neno. Yeye mwili wake umeichagua. Akiiacha, na akipaka dawa nitakayompa, atapona. Akiirudia, hata kidogo, itarudi. Avae nguo, turubai, chochote kisicho ngozi."

"Asivae nilichotengeneza."

"Asivae ngozi," alisema daktari.

Walipotoka nje, Bi Pasi alikuwa amefungwa miguu kwa kitambaa laini, makubadhi yamo ndani ya mfuko. Alidhani wataelekea nyumbani. Fundi akageuka upande wa pili, akamshika kiwiko, akaenda naye mpaka kwenye duka la viatu lenye vioo, lile ambalo miaka yote alipita mbele yake akitazama upande mwingine wa barabara. Alisita kizingitini kama mtu anayeingia nyumba ya aliyemshinda kesi. Kisha akaingia.

Muuzaji, mwanamke mwenye sauti ya kuimbaimba, aliwakaribisha. "Namba ngapi, mama?"

Bi Pasi alimtazama mumewe. "Sina namba," alisema.

"Kila mtu ana namba."

"Huyu hana," alisema Fundi. "Leta vya turubai, tutachagua."

Vikaletwa, jozi juu ya jozi. Fundi alipiga magoti sakafuni, katikati ya duka la watu, akaingiza mkono ndani ya kila kiatu, akapapasa kwa macho yaliyofumbwa.

"Mshono huu umeshonwa na mtu mwenye njaa," alisema, akakiweka kando. "Hiki kina kidole kifupi. Hiki mwenye kukitengeneza hajawahi kuona kisigino."

"Mzee, hivyo ndivyo vinavyonunuliwa kuliko vyote," muuzaji alisema.

"Ndiyo maana watu wanatembea vibaya."

Alipata jozi moja ya kijivu, ya turubai ndani na nje, isiyo na urembo wowote. Akamvisha mkewe mwenyewe, akiupisha upele kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Akabonyeza mbele. Akabonyeza pembeni.

"Cha kushoto kinapwaya."

"Vyote ni namba moja, mzee," alisema muuzaji.

"Viatu, ndiyo. Miguu yake si namba moja. Wa kushoto ni mdogo, na hukanyaga kwa aibu, unaanza na ukingo." Akatoa leso yake ya pamba, akaikunja mara mbili, akailaza ndani ya kiatu, akamvisha tena. Muuzaji alikuwa ameacha kuimbaimba. Aliinama kutazama.

"Wewe ni daktari wa miguu?"

"Mimi ni mumewe," Fundi alijibu, bila kuinua kichwa.

Bi Pasi akauona utosi wake pale chini, nywele zimebaki chache, na mikono ile miwili imezunguka mguu wake bila kisu, bila nyundo, bila kitu. Jambo alilolihofu tangu kipele cha kwanza lilikuwa limetokea, na mwanamume yule alikuwa bado yupo, miguuni pake, akihesabu vidole vyake kwa kuvigusa. Akaweka kiganja juu ya utosi ule. Hakujali nani anatazama.

Njiani alisikia jinsi ardhi inavyokuja miguuni kwa namna nyingine, nyepesi, ngeni, kama maneno ya lugha aliyoisikia utotoni. Fundi alikuwa nyuma kidogo. Makubadhi yalikuwa kwapani mwake.

"Hayo utayafanyaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Nitampa yule wa kufulia. Yeye ameshazoea fangasi, ngozi haitamtisha."

Bi Pasi alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kicheko kikamsukuma hatua moja mbele.

"Visigino vya hivyo viatu vipya vimeshonwa vibaya," Fundi aliendelea kusema nyuma yake. "Vitafunguka kabla ya mvua. Kesho nitaifumua mishono yote, niirudie kwa uzi wangu. Daktari uzi hakuukataa."

"Hakuukataa," alisema mkewe. "Ila usikaze sana. Wa kushoto hunung'unika."